Ukipewa F-5 leo: namna ya kuifundisha ndege ndogo kupigana mbali

Mpwa wangu Bakari alinijia barazani Jumamosi moja, Barabara ya 12 hapa Ngamiani, Tanga, kompyuta kwapani na uso umemvimba. Yeye na wenzake wa chuo wanacheza mchezo wa kurusha ndege za kivita. Wenzake wamechukua Su-27, madude makubwa ya Kirusi. Yeye kachukua F-5E, kwa sababu majirani zetu Kenya wanairusha tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 na picha zake anazijua tangu utotoni.

"Shikamoo mjomba. Nakufa kabla sijamwona mtu. Hebu niambie nipachike kombora gani."

Mimi sijawahi kugusa ndege ya kivita. Miaka 27 nilikuwa fundi wa redio na rada za vyombo vya baharini, kuanzia tagi za bandarini mpaka boti za uvuvi za Deep Sea na Sahare. Lakini rada haijui kama imefungwa mlingotini au puani, na tabu ya chombo kidogo ni ileile popote: kila unachoongeza kinakinyang'anya kingine nafasi, umeme au uzito. Tukachukua daftari, rula na kikokotoo cha simu, tukaiboresha F-5 yake kwenye karatasi kwa Jumamosi nne. Naandika hapa tulivyofanya, kwa ajili ya mwingine mwenye ndege ndogo kwenye mchezo wake, au mwanafunzi anayetaka kujua nchi zisizo na fedha za kumwaga zilifanyaje kweli.

Swali la kombora nilimwambia aliandike ukurasa wa mwisho wa daftari. Tutalifikia.

Pima pua kwanza

Chukua mchoro wa ndege yako, upime upana wa pua pale antena inapokaa. Watu wengi hukiruka kipimo hiki wakakimbilia nguvu ya rada, na hapo ndipo wanapopotea.

Wimbi la rada hupungua likienda, na mwangwi wake hupungua tena ukirudi. Kwa hiyo umbali wa kuona unakua kwa kipeuo cha nne cha nguvu. Ongeza nguvu ya kurusha mara mbili, umbali unaongezeka asilimia 19 tu. Ukitaka kuona mbali mara mbili kwa nguvu peke yake, unahitaji nguvu mara 16, na hiyo ndege ndogo haina pa kuipata. Antena ni habari nyingine. Inakusanya wimbi wakati wa kurusha, inakusanya mwangwi wakati wa kupokea, yaani inakulipa mara mbili. Ukiimaliza hesabu, kwa masafa yaleyale ya mawimbi, umbali wa kuona unakua sambamba na kipenyo cha antena. Sahani ya sentimita 50 ikiona kilomita 60, ya mita 1 yenye nguvu ileile itaona 120.

Antena ya Su-27 ina karibu mita 1. Pua ya F-5 ni nyembamba, na nyuma ya rada kuna mizinga miwili ya milimita 20. Tukaandika kwamba sahani yetu ni nusu ya yake. Bakari akataka kufunga daftari.

Nikamwambia asubiri, udogo nao una malipo yake. Kipeuo kilekile cha nne kinafanya kazi kwenye ukubwa wa mwangwi wa chombo kinachotazamwa. Tuseme mwangwi wa F-5 ni robo ya mwangwi wa Su-27. Kipeuo cha nne cha robo ni 0.71. Kwa hiyo sisi tunamwona yeye kwa kilomita 60, naye anatuona, si kwa 120, bali kwa 85. Pengo ni kilomita 25. Tuliliandika kwa kalamu nyekundu juu ya ukurasa, maana kazi yote iliyobaki ilikuwa kuziba kilomita 25 hizo. Angalizo: matangi ya nje na vibebeo vya makombora navyo vinarudisha mwangwi. Ukijaza mabawa kama mkokoteni wa nazi, ile robo yako imekwenda.

Jambo la pili kwenye rada ni kutazama chini. Aliyewahi kuendesha rada ya meli anajua kitufe cha kupunguza mawimbi. Kaskazi ikivuma, skrini inajaa madoa ya bahari. Ukizungusha kitufe madoa yanafutika, na ngalawa nayo inafutika pamoja nayo. Rada za zamani za ndege zilikuwa na ugonjwa huo zikitazama chini, ardhi yote inang'aa. Dawa ni rada ya Dopla, inayochambua mwangwi kwa kasi yake: kinachokwenda kasi kinabaki, kilichotulia kinatupwa. Ukibadilisha rada, usikubali isiyo na Dopla hata ukipewa bure. Jua na udhaifu wake. Adui akikupa ubavu, hakukaribii wala hakuachi, kasi yake kwa rada yako inafanana na ya ardhi, na anafutwa pamoja nayo. Marubani hufanya hivyo makusudi. Bakari alikuwa akifanyiwa hivyo wiki nzima akidhani kompyuta imeharibika.

Rada mpya za AESA zina antena isiyozunguka, vipande vingi vidogo kila kimoja kikirusha chake, na vichache vikifa vingine vinaendelea. Ni nzuri, ila zinatoa joto jingi, na ndege ndogo haina nafasi ya mabomba ya maji ya kupoza. Ndiyo maana ile ya FA-50PL, ndege 36 ambazo Poland iliziagiza Korea Kusini mwaka 2022, imetengenezwa ipozwe kwa hewa. Ukiona tangazo la AESA, swali lako la kwanza liwe inapozwa na nini.

Umeme

Hapa nina kovu. Mwenye boti mmoja alinitaka nimfungie rada kubwa zaidi, ya kuona mbali, na alikuwa na haraka. Nilipima mlingoti, nikapima kebo, nikafunga, ikawaka vizuri gatini. Usiku wa kwanza wakiwa nje ya kisiwa cha Jambe, kila nahodha akibonyeza honi rada inazima na kuanza upya. Walipowasha taa za sitaha, ikazima na redio. Jenereta ya boti ilikuwa ya mzigo wa zamani, mimi nikauongezea bila kuujumlisha. Walirudi kwa dira na kwa matusi, na matusi yalikuwa haki yangu.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote chora jedwali. Kila kifaa andika kinavyokula kikiwa kimetulia na kinavyokula kikifanya kazi kwa nguvu zote. Jumlisha ile safu ya nguvu zote, kisha linganisha na jenereta moja, si mbili, maana siku moja itakufa na ndiyo siku utakayoihitaji rada. Joto nalo liandikie safu yake. Karibu kila wati inayoingia kwenye sanduku la elektroniki inaishia kuwa joto, na lazima litoke mahali.

Farumi

Mabaharia wetu wanasema tezi na omo marejeo ni ngamani. Kwenye ndege ngama ni kitovu cha uzito, na kinaruhusiwa kusogea kidogo sana mbele na nyuma ya pale bawa linapobeba. Rada mpya inakaa puani, mbali kabisa na kitovu hicho. Kilo 50 zikikaa mita 4 mbele ya kitovu ni sawa na kilo 200 zikikaa mita 1. Usipozifidia, mkia unafanya kazi ya kubembeleza pua safari nzima, na mafuta yanalipia.

Njia ya kwanza ni kutoa kitu puani. Singapuri walipoibadili F-5 yao kuwa F-5S walitoa mzinga mmoja kati ya miwili. Brazili kwenye F-5EM, ndege zilizoanza kurudi kikosini mwaka 2005, wakafanya vilevile. Mzinga ule una kilo kama 80, bila kuhesabu risasi na sanduku lake. Nafasi na uzito vilivyopatikana vikaenda kwa rada ya Grifo na masanduku yake. Bakari alilalamika kutoa mzinga. Nikamuuliza mara ya mwisho alimpiga mtu kwa mzinga lini. Akakaa kimya.

Njia ya pili ni kurudisha farumi nyuma, lakini usiweke madini ya risasi ya bure, kama mawe ya kutuliza jahazi. Hamishia huko masanduku ya elektroniki unayoyahitaji hata hivyo. Waingereza walipoigeuza Sea Harrier kuwa FA2 kwa rada ya Blue Vixen, waliikata ndege nyuma ya bawa wakaongeza kipande cha kama sentimita 35 ili masanduku yapate chumba. Ndege ndogo, isiyofikia hata kasi ya sauti ikienda sambamba na ardhi, ikaingia kikosini mwaka 1993 ikibeba makombora manne ya mbali ya AMRAAM. Kwa hesabu yangu hakuna somo zuri zaidi ya hilo katika kazi hii yote.

Basi la data

Ndege ya miaka ya 1970 ina waya wa peke yake kati ya kila kifaa na kila kifaa. Ni kama mtaa ambao kila mtu ana gari lake la kwenda sokoni. Ukileta kifaa kipya unachimba barabara mpya. Kabla ya rada mpya kuzungumza na kombora jipya, ng'oa waya hizo uweke basi la data. Kiwango kinachotumika sana, MIL-STD-1553, kilitoka mwaka 1973, na kasi yake ni megabiti 1 kwa sekunde, simu yako ingekicheka. Lakini kina nidhamu ya daladala yenye kondakta mkali: waya mmoja unapita vituo vyote, na hakuna kifaa kinachofungua mdomo mpaka kondakta akiite. Waya wa pili upo kama akiba. Ukiwa na basi, kifaa kipya kinaongezwa kituo tu.

Pamoja na basi zinakuja skrini za rubani, vitufe vyote muhimu kwenye usukani na mkono wa gesi ili asiachie mikono, na kofia inayomwezesha kulenga kwa kugeuza kichwa. Hayo ni ya kawaida siku hizi, sitakuchosha nayo. Kubwa zaidi ni programu. Kabla hujasaini uliza nani anashika msimbo wake. Ukinunua rada kwa huyu na kombora kwa yule, na msimbo uko kwa wa tatu, basi kila ukitaka kubadili kitu kimoja utawapigia magoti watu watatu katika nchi tatu.

Sikia kabla ya kuona

Sasa tuzibe zile kilomita 25, na hapa ndipo nilipokaa na Bakari Jumamosi nzima.

Simama Raskazone usiku wa giza, utaziona karabai za wavuvi wa dagaa mbali kabisa baharini. Lakini yule mvuvi chini ya karabai yake anaona maji ya mita chache tu. Anayewasha taa anaonekana mbali kuliko anavyoona, maana mwanga unaokufikia wewe umesafiri upande mmoja, na wa kwake unakwenda na kurudi. Rada ni karabai. Ndege yenye kipokezi kizuri cha onyo la rada inaisikia Su-27 kabla Su-27 haijapata mwangwi wa kutosha kuijua. Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha kununua, kabla ya rada, ni masikio: kipokezi kinachokwambia rada ni ya aina gani, iko upande gani, na kama inakutafuta au imeshakukamata. Vile vya zamani hulia tu kama mtoto bila kusema kinachouma. Na masikio ni mepesi, hayali umeme mwingi, hayasumbui farumi.

Lakini masikio hukupa upande, umbali hayakupi vizuri. Umbali atakupa mwenzako.

Panda na mimi kidogo. Dunia ni mviringo, na rada haioni nyuma ya upeo. Kanuni ya mafundi: kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita. Antena ya mita 16 pale Raskazone upeo wake ni kilomita 16 na nusu. Ndege inayokuja juu ya bahari kwa mita 100 ina upeo wake wa 41. Jumla 58, kabla ya hapo hutaiona hata ukiwa na rada ya dunia nzima. Ipandishe antena hiyohiyo Lushoto, mita kama 1,400, upeo unakuwa 154, na jumla 195. Iweke kwenye ndege iliyo mita 9,000 angani, upeo ni 391 peke yake.

Ndiyo maana Brazili hawakutegemea pua ya F-5EM peke yake. Wana E-99, ndege ya abiria ya Embraer iliyobebeshwa rada ya Erieye mgongoni kama ubao wa chapati. Inakaa nyuma, inatazama mbali, na kuwatumia wadogo picha kwa redio ya data. Rubani wa F-5 anamwona adui kwenye skrini yake huku rada yake mwenyewe imezimwa. Karabai imewashwa na mtu mwingine. Waswidi walifika huko zamani zaidi, na kwenye Gripen ndege moja inaweza kuwasha rada na wenzake wakaenda kimya kwa picha yake.

Kwenye mchezo Bakari hana E-99, ila ana rafiki. Tukapanga hivi: rafiki anakaa nyuma kilomita 40, juu, rada imewashwa, tayari kugeuka na kukimbia. Bakari anakwenda chini pembeni, rada imezimwa. Adui anaiona taa ya nyuma na kuifukuza. Bakari anawasha rada dakika ya mwisho, au hawashi kabisa. Pengo la kilomita 25 halikuzibwa, liligeuzwa kuwa chambo.

Redio hiyo ya data lazima iwe ya siri na isiyozibwa kirahisi, na sauti vilevile. India waliiboresha MiG-21 kuwa Bison: rada ya Kopyo, kombora la R-77, kofia ya kulengea. Februari 2004 huko Gwalior, kwenye mazoezi na F-15C za Marekani, Bison walisumbua kwa udogo wao na podi za kuvuruga rada. Ni kweli Wamarekani walikuwa wachache na masharti ya zoezi yaliwabana, usiifanye hadithi ya Sultani Majinuni. Tarehe 27 Februari 2019 Bison moja ikaangushwa vitani, na magazeti ya India yakalalamika baadaye kwamba redio yake ilivurugwa rubani asisikie amri ya kurudi. Kombora la kisasa lilikuwepo. India imezistaafisha MiG-21 zote Septemba 2025.

Kifaa cha kumtambua rafiki nacho ni sehemu ya masikio, kisije kikakatwa kwenye bajeti. Ukipiga mtu usiyemwona kwa macho, ni kifaa hicho na utaratibu wake ndivyo vinavyokutenga na msiba. Tarehe 14 Aprili 1994, kaskazini mwa Iraki, F-15 mbili za Marekani ziliangusha helikopta mbili za Marekani, wakafa watu 26. Na hapo walikuwa wamezisogelea hata kuziona kwa macho.

Haya, kombora

Ukurasa wa mwisho wa daftari. Bakari alikuwa ameshaandika jina la kombora refu kuliko yote aliyoyakuta mtandaoni. Tukalifuta, tukaanza na maswali matatu.

Je, linatafuta lenyewe? Kombora la zamani kama Sparrow linahitaji ndege yako iendelee kummulika adui mpaka mwisho, yaani unamfuata usoni huku naye anakupiga. Chukua lenye rada yake ndogo puani: AIM-120, yaani ile AMRAAM, lililoangusha ndege kwa mara ya kwanza Desemba 1992 likirushwa na F-16; au R-77 ya Warusi; au Derby ya Waisraeli. Ila kumbuka sheria ya sahani. AIM-120 ina kipenyo cha sentimita 18, kwa hiyo jicho lake ni dogo sana na hulifumbua mwishoni tu. Kabla ya hapo linakwenda kwa maelekezo yako. Piga hesabu: likienda kwa wastani wa mita 900 kwa sekunde, kilomita 50 zinachukua sekunde kama 56. Adui mwenye mwendo wa mita 250 kwa sekunde ameshatembea karibu kilomita 14. Usipolipasha habari njiani litafika pasipo mtu. Ukisharusha, geuza ndege pembeni, digrii 50 au 60, adui abaki ukingoni mwa rada yako: unaendelea kulielekeza kombora lako huku wewe humkaribii kwa kasi.

Je, bawa linalibeba? Sidewinder, kombora la karibu, ina kilo kama 85, na ncha ya bawa la F-5 ilitengenezwa kwa hiyo. AIM-120 ina kilo 152, Derby 118. Uzito mpya nchani unaweza kuliamsha bawa likatikisika hadi kuvunjika. Au likatulia zaidi, maana F-16 huipenda AMRAAM pale nchani. Huwezi kukisia, lazima lipimwe chini kwa mtikisiko na juu kwa hatua ndogondogo. Kwenye daftari letu makombora ya mbali yalikaa chini ya bawa, Sidewinder zikabaki nchani.

Je, utalirushia wapi? Hili ndilo lililokuwa linammaliza Bakari. Injini ya kombora huwaka sekunde chache, halafu ni mshale unaoteleza kwa kasi iliyobaki. Kwenye mita 10,000 hewa ni theluthi ya uzito wake wa usawa wa bahari. Kombora lilelile likirushwa chini linasugua hewa nzito na kuchoka mapema. Likirushwa juu na ndege iliyo kasi, linafika mbali zaidi sana. Umbali ulioandikwa kwenye matangazo ni wa juu, kasi, na adui anayekuja mbio usoni. Adui akigeuka kukimbia, gawanya kwa tatu na uombe Mungu. Bakari alikuwa akirusha kwa mita 2,000, mbali kabisa, kisha analaumu kombora. Ule mpango wa kwenda chini pembeni tuliufanyia marekebisho: chini wakati wa kujificha, halafu juu na moto wote kabla ya kurusha.

Injini usiiguse

Kila mtu hufika hapa. Northrop wenyewe walifika: waliondoa injini mbili za F-5 wakaweka moja ya F404 yenye nguvu zaidi, wakaongeza rada nzuri, wakaiita F-20 Tigershark. Iliruka Agosti 1982, ikarusha hadi Sparrow. Zikajengwa tatu, mbili zikaanguka, hakununua mtu, na mwaka 1986 mradi ukafungwa. Ilikuwa ndege nzuri, lakini ukibadilisha injini umejenga ndege mpya, na ndege mpya inashindana na ndege mpya. Fedha hiyo nunua bomba la kujazia mafuta angani, kama Brazili, na masaa ya kuruka ya rubani.

Na kabla ya hayo yote kagua mwili. Ndege iliyoruka miaka 40 ina nyufa kwenye mihimili ya bawa na mgongo. Hewa ya chumvi kama hii yetu hula alumini kuanzia pale inapogusana na boliti ya chuma, chini ya rangi, usipoona. Kwenye boti nilizoea kugonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Kwenye ndege wana mashine za mawimbi ya sauti na eksirei. Muhimili ukiwa umechoka, funga daftari, usiendelee na rada.

Mwisho pima uzito upya, ndege nzima juu ya mizani tatu, moja kila gurudumu, si kwa kujumlisha makaratasi. Daima kuna kilo 30 ambazo hakuna aliyeziandika: kebo, vibano, rangi.

F-5 ya Bakari ilitoka na mzinga mmoja, rada ya Dopla, masikio mapya, redio ya data, Derby mbili chini ya bawa na Sidewinder mbili nchani, tangi moja la nje badala ya matatu. Jumamosi ya nne walikutana mara tano na wale wa Su-27. Yeye na rafiki yake walishinda mbili, wakashindwa mbili, na moja mafuta yaliwaishia wote. Sasa anataka tuanze MiG-21, yenye tundu la hewa puani na rada imebanwa ndani ya ile koni katikati. Nimemwambia aje na rula ndogo.